Aliyekufa kwa Kipande cha Mwenzake

Jina la saba kwenye orodha ya wafu lilikuwa la babu yake. Na babu yake, asubuhi ile ile, alikuwa amempigia simu kumkumbusha sabuni ya mche.

Hapo ndipo nilipowakatia Jumapili iliyopita, na baadhi yenu mmenitumia ujumbe wa kunigombeza. Mna haki. Lakini msinilaumu kwa yatakayofuata, maana katika habari hii hakuna atakayetoka msafi.

Kwa aliyelikosa gazeti: Rebeka Mlahagwa, mzaliwa wa Kilosa, anatengeneza dokumentari juu ya vibarua waliojenga reli ya kutoka Kilosa kwenda Mikumi na kushuka hadi Kidatu. Mwaka 1963 kilima kiliporomoka kwenye Kambi ya Tano kikafukia watu saba. Walizikwa kando ya reli, treni ikaanza kupita, na hakuna aliyewataja tena. Miezi mitano Rebeka ametafuta majina yao. Sasa ameyapata Mikumi, ndani ya sanduku la bati, nyumbani kwa Mama Perpetua, ambaye baba yake alikuwa karani wa kambi.

Alisoma tena, kidole kikiwa chini ya mstari. Hezekia Mlahagwa. Kipande namba 418. Amekufa.

Brayan, mpiga kamera wake, kijana wa Morogoro mwenye nywele za kusuka, alichungulia begani kwake.

"Dada Rebeka," alisema, "kwani mzee wetu alifufuka siku ya ngapi?"

Rebeka hakucheka. Alisema karani lazima alikosea. Siku ile ilikuwa ya vilio na vumbi, mtu angeweza kuandika lolote.

Mama Perpetua alikuwa anapepeta mchele. Akauweka ungo chini.

"Baba yangu alikuwa na makosa yake, mwanangu, na mengine siyataji mbele ya kamera. Lakini kwenye majina hakukosea. Aliandika kilichosomeka kwenye kipande kilichotolewa mfukoni mwa maiti."

Halafu akamwelekeza afungue nyuma, kwenye orodha ya vibarua waliomaliza kazi na kuaga. Hapo Rebeka alikutana na jina jingine alilolijua. Ngassa. Amelipwa. Ameondoka. Tarehe ilikuwa ya siku moja kabla ya kilima kuporomoka.

Ngassa mnamkumbuka. Ni mume wa Bibi Scolastica wa Msowero, yule bibi wa Kisukuma tuliyekaa naye kwenye sehemu ya nne. Aliachwa Usukuma na mtoto wa miezi saba, mume akaja huku kutafuta kazi ya reli. Baada ya mavuno ikaja barua. Mume anasema asingojewe, amepata mwanamke mwingine. Katekista aliisoma mara moja tu, mbele ya wakwe, na kuanzia siku ile Scolastica akawa mwanamke aliyeachwa. Wenzake walimwimbia kwenye kilimo. Hakuolewa tena. Miaka ya tisini mwanawe alipohamia Msowero na ng'ombe, alimfuata, na hata huku hakuna aliyewahi kumsikia akilitaja jina la mumewe bila kutema mate.

Sasa moyo wake umechoka, hatembei. Mara ya mwisho Rebeka alipomtembelea, alimpa kazi moja tu. Alisema hivi, nanyi mliisoma: "Nitafutie. Kama yuko kaburini, kama yuko kwa huyo mwanamke, niambie tu. Nataka kujua nazikwa kama nani. Mjane, au mwanamke aliyeachwa."

Rebeka akatoka nje ya nyumba ya Mama Perpetua, akapiga simu Kilosa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mama. Sabuni umepata?"

Alimwuliza kama pale kambini alimjua kibarua aitwaye Ngassa.

Simu ilikaa kimya muda mrefu hadi Rebeka akaiangalia kama imekatika. Haikuwa imekatika. Alisikia kuku wa nyumbani wakilia, na pumzi ya mzee.

"Njoo nyumbani," babu alisema. "Kamera iache huko huko."

Akakata.

* * *

Hakuiacha. Walipita njia ya kijiji cha Ulaya, gari likiruka kwenye makorongo, Brayan ameikumbatia kamera kama mtoto mwenye homa. Njia nzima Rebeka alikuwa anajipa majibu. Labda kulikuwa na Hezekia wawili. Labda babu alizirai, wakamdhania amekufa. Unapompenda mtu, akili inakuwa wakili wake bila hata kuombwa.

Na alimpenda. Mzee Hezekia ndiye aliyemlea. Ni mzee wa kanisa, msomi wa shule ya misheni ya enzi zile, mtu ambaye mtaa wote wa Mabwerebwere humwita kusuluhisha ugomvi. Ndiye aliyempa Rebeka wazo la filamu. Ndiye shahidi wake mkuu, aliyekaa mbele ya kamera akaeleza jinsi vibarua walivyoishi kama ndugu. Alilia alipoeleza, na Rebeka alilia nyuma ya kamera.

Walimkuta kibarazani, amevaa koti kana kwamba anasubiri kupelekwa mahali. Alimtazama Brayan na nywele zake.

"Karibu, binti."

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Kumbe ni mwanaume."

Ni utani anaourudia kila Brayan akifika. Leo aliutoa bila kutabasamu. Kisha akaiona kamera, akaiangalia, akasema basi, iwashwe, amechoka kuikwepa.

Alianza na kipande. Nitawaeleza kama alivyoeleza, kwa sababu wengi wetu hatukukiona.

Kipande kilikuwa kadi yenye vyumba thelathini. Kila siku uliyofanya kazi, karani alitia alama kwenye chumba kimoja. Vyumba vyote vilipaswa kujaa ndani ya siku arobaini na mbili. Vikipungua hata kimoja, jasho lako lote la mwezi limepotea. Kwa hiyo vibarua walijaziana. Ukiugua, mwenzio aliyepumzika alichukua kadi yako, akajibu jina lako, akapiga kazi yako. Karani alijua, akageuza uso. Haikuwa wizi. Ndivyo maskini walivyolindana.

Kadi ya Hezekia ilikuwa imebakiza vyumba viwili, na siku zenyewe zilikuwa mbili. Ikaja habari kutoka Kilosa kwamba wajomba wa binti aliyemchumbia wanafika kesho kusikiliza posa. Kwao wajomba ndio wenye binti. Wakifika wasimkute mwoaji, wanageuza na hawarudi.

Ngassa alikuwa amekwisha kumaliza kipande chake. Ameaga, amefunga sanduku, anangoja treni ya kesho kutwa. Walikuwa wanalala kibanda kimoja.

"Hata sikumwomba," babu alisema. "Aliichukua kadi mfukoni mwangu mwenyewe. Akaniambia nenda kaoe, mimi nitakuwa Hezekia hadi jioni."

Akavuta koti kifuani.

"Nilirudi kesho yake, nimekubaliwa. Natembea naimba. Nikakuta wenzangu wamekaa chini wananililia mimi."

Waliobaki hai walikuwa wachache, na wafu, nyuso zimepondwa hazitambuliki, walikuwa wamekwisha kuzikwa kwa sababu ya joto. Karani alimvuta Hezekia nyuma ya stoo. Alimwambia jina likibadilishwa, bwana mkubwa atauliza nani aliruhusu mtu aliyekwisha kuaga aingie kazini, na wote wawili watafungwa. Ngassa ameandikwa ameondoka. Basi na abaki ameondoka. Hezekia alipewa masaa machache atoweke kambini. Alitoweka. Alifika Kilosa, akaoa, akazaa, akawa mzee wa kanisa. Kule Mikumi alikuwa mfu, huku alikuwa bwana harusi, na hakuna aliyewahi kuzikutanisha habari hizo mbili hadi mjukuu wake alipofungua sanduku la bati.

"Babu," Rebeka alisema, "Bibi Scolastica ulimwona kwenye kompyuta yangu. Ulimsikia anavyomlaani. Uliniambia nirudie mara ya pili."

"Nilitaka kuisikia sauti yake."

"Yuko Msowero. Asubuhi moja tu ya gari. Miaka thelathini."

"Sikujua yuko Msowero hadi uliponionyesha. Naapa. Tangu siku hiyo sijalala."

Rebeka alilia, na katika kulia alimshika babu yake mkono. Mimi nisingemshika, lakini mimi si mjukuu wake. Mzee akasema kesho asubuhi wampeleke Msowero. Atamwambia bibi kwa mdomo wake kwamba mumewe hakumwacha mtu. Atamwonyesha kaburi lilipo.

Laiti habari ingeishia hapo. Tungekuwa na mzee mwoga aliyetubu, tukafunga gazeti tukaenda kula.

* * *

Brayan alikuwa sebuleni, anahamisha picha kwenye kompyuta. Alimwita Rebeka mara moja, kwa sauti ya chini, na hakumwita dada.

Kwenye kioo aliweka picha mbili, moja kushoto, moja kulia. Ya kushoto ilikuwa barua ya Ngassa, ile Rebeka aliyoipiga picha kule Msowero. Bibi aliwaruhusu kuipiga picha, akakataza isisomwe kwa sauti mbele yake. Ya kulia ilikuwa ukurasa wa mbele wa Biblia ya Mzee Hezekia, alipoandika tarehe za kuzaliwa za watoto wake. Rebeka alizipiga mwenyewe zote mbili, wiki tatu zikiwa kati, na hakuwahi kuziweka pamoja.

Mwandiko ulikuwa mmoja. Ulilala upande mmoja, ukanyooka mahali pamoja, kama mtu yule yule aliyebadilisha nguo tu.

Brayan, ambaye ana utani kwa kila jambo, alimsukumia kompyuta tu.

Rebeka alirudi kibarazani na kompyuta mikononi. Aliiweka juu ya magoti ya babu yake. Mzee aliangalia, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa tena. Picha hazikubadilika.

Kambini waliojua kusoma walikuwa wanne. Hezekia aliwaandikia wenzake, akawasomea majibu. Barua zote za Ngassa kwenda Usukuma alizitunga yeye, Ngassa amekaa pembeni akitamka. Alijua anavyoanza. Alijua anamwitaje mkewe. Baada ya msiba barua za Scolastica ziliendelea kuja, na karani, kwa kuogopa kukaa nazo, alimpelekea Hezekia Kilosa kwa mkono wa mtu aliyemwamini. Ya kwanza iliuliza hali. Ya pili iliuliza kwa nini hajibiwi. Ya tatu ilisema kaka yake Scolastica anajiandaa kuja kambini kumtafuta shemeji.

"Angekuja angeuliza," babu alisema. "Angeulizwa karani. Mke wangu alikuwa na mimba ya baba yako."

"Kwa hiyo ukamwandikia."

"Nilifikiri hivi. Mwanamke anayengoja hana maisha. Mwanamke aliyekasirika anaolewa. Nilidhani ninamfungulia mlango."

"Ulijifungulia wewe."

Hakubisha. Akafanya jambo ambalo Rebeka hakulitarajia kwa mzee wa kanisa: akaanza kupatana bei. Alisema kesho atakwenda, atasema yote ya kipande, ya kilima na ya kaburi. Bibi atapata ujane wake. Lakini barua iachwe. Mtu amebakiza miezi, barua itamsaidia nini? Na wewe, mjukuu wangu, jina hili unalolitembeza kwenye filamu zako ni la nani?

Mnataka niwaambie Rebeka alikasirika akatoka? Hakutoka. Mtu aliyezunguka Tanzania nzima akiwaambia wazee wa watu kwamba ukweli hauui, siku ukweli ulipoketi kibarazani kwao alinyamaza. Babu yake aliuhesabu ukimya ule kuwa ndiyo.

Hakukosea.

* * *

Saa nne asubuhi walikuwa Msowero. Peter, mjukuu wa Bibi Scolastica, aliwapokea mlangoni mwa zizi, fimbo begani.

"Leo wakulima mmetufuata wenyewe," alisema. "Ng'ombe wangu wamekula mahindi ya nani tena?"

Rebeka alimwambia wamemleta mzee aliyemjua babu yake. Peter aliacha kutania. Aliwatangulia ndani.

Bibi Scolastica alikuwa ameketi kitandani karibu na dirisha, mito mgongoni, kitambaa kichwani. Mzee Hezekia alisimama katikati ya chumba, kofia mkononi. Kisha akainama, akasema kwa Kisukuma:

"Mwangaluka, mayu."

Bibi aliitika salamu, kisha akamkazia macho. Mzee wa Kikaguru anasalimia kama mtu wa kwao, na lafudhi ile ni ya kijiji chao hasa.

"Nani alikufundisha?"

"Ngassa."

Hakutema mate. Alionyesha kigoda.

Mzee alieleza, na kwa haki nitasema alieleza vizuri. Hakujipamba. Alisema kadi ilikuwa yake, posa ilikuwa yake, na kifo kilikuwa chake ila mwenzake ndiye aliyekipokea. Alisema aliogopa jela akakimbia, na kwamba woga ule ndio uliofanya Ngassa aandikwe ameondoka. Wanawake wa boma walikuwa wamejaa mlangoni.

Bibi aliuliza maswali madogo madogo. Siku ile alikula nini kabla ya kwenda? Uji, na kiporo cha maharage. Alizikwa na nguo? Alizikwa na blanketi la kambi, ndivyo waliomzika walivyomsimulia. Kichwa kimelalia wapi? Mzee alifikiri, akasema macheo. Mahali penyewe pana alama? Hapana, lakini yeye anapajua, na ataonyesha.

Mkono wa bibi ukapanda polepole, ukafungua kitambaa cha kichwani. Nywele zilikuwa nyeupe, chache.

"Peter. Wembe."

Peter hakuelewa. Mama mmoja mlangoni alielewa, akaanza kulia, kwa sauti ile isiyokosewa na mtu aliyewahi kufiwa. Bibi alikuwa anataka kunyolewa. Alisema ndugu wote wapigiwe simu, wa hapa na wa Usukuma, waambiwe Ngassa amefariki, matanga yamewekwa. Alisema ni mjane tangu akiwa msichana na hakuna aliyemwambia. Kilio kikashika nyumba nzima. Brayan alikuwa anapiga picha huku machozi yanamdondokea juu ya kamera.

Rebeka aliegemea ukuta. Aliona kwamba imewezekana. Bibi amepata alichotaka, na babu yake ataweza kurudi Mabwerebwere akiwa bado mtu.

Wembe uliletwa, na bakuli la maji. Bibi aliinamisha kichwa. Kisha akakiinua.

"Ngojeni."

Kilio kikapungua.

"Kama alikufa kabla ya mavuno," alisema taratibu, kama anayepima kila neno kabla ya kuliachia, "ile barua iliyokuja baada ya mavuno aliandika nani?"

Mzee Hezekia alijibu haraka mno.

"Sijui, mama."

Peter alisema lazima ni shetani fulani wa kule kambini aliyetaka kuwacheka, na kama bado yuko hai angependa sana kumwona, hata kwa dakika tano. Alisema hivyo akiishika fimbo kwa mikono yote miwili. Bibi hakumsikiliza. Alikuwa anamtazama Rebeka.

"Wewe ndiye mwenye kazi ya kutafuta. Nimalizie kazi yangu. Nitafutie na huyo."

Babu yake alikuwa anaangalia sakafu. Taa nyekundu ya kamera ilikuwa inawaka. Rebeka alijisikia anafungua mdomo, na hadi leo hasemi kama ilikuwa ujasiri au uchovu.

"Nimeshampata, bibi. Amekaa hapo kwenye kigoda."

Peter alifika katikati ya chumba kwa hatua moja. Fimbo ilikuwa juu. Mzee Hezekia hakujikinga.

"Kaa," bibi alisema.

"Bibi, huyu mtu..."

"Nimesema ukae. Msiba ni wangu."

Peter alirudi mlangoni, akifura. Bibi aliingiza mkono chini ya mto, akatoa mfuko wa nailoni, na ndani yake karatasi iliyokunjwa hadi mikunjo ikawa matundu. Hakuna mtu wa boma lile aliyeruhusiwa kuigusa. Alimpa mzee.

"Hii ilisomwa mara moja tu, na katekista, mbele ya mama mkwe wangu. Sijui kusoma, lakini kila siku naiona. Leo nisomee wewe, uliyeiandika. Ninyolewe nikiisikia."

Alimwomba Rebeka akae karibu na mzee amshikie karatasi, kwa sababu mikono ya mzee ilikuwa haikai. Mama mmoja alilowesha nywele. Wembe ukagusa paji la uso.

Mzee Hezekia alikohoa.

"Mke wangu Scolastica, salamu nyingi," alisoma.

Akakwama. Nje ng'ombe mmoja alilia, akaacha. Kisha mzee akaendelea, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa nyepesi, kama ya mtu mwenye miaka ishirini na miwili.

"Keshokutwa napanda treni. Mwambie mama asimuuze yule ndama mwekundu, nataka nimkute. Mtoto akitaka kutembea kabla sijafika, mzuie, mkalishe chini, anisubiri. Huku wananicheka kwa sababu nakutaja nikiwa usingizini. Nisipofika Jumamosi, ujue treni ndiyo iliyochelewa. Si mimi."

Bibi Scolastica alifunika mdomo kwa kiganja. Mabega yalimtikisika. Rebeka alidhani analia, kisha akaona kwamba anacheka pia, vyote kwa pamoja. Wembe ulisimama hewani. Peter, kule mlangoni, alikuwa ameshusha fimbo bila kujijua.

Rebeka aliiangalia karatasi aliyokuwa ameishika.

Ilikuwa na mistari minne. Aliijua kwa moyo, ameiona mara mia wakati wa kuhariri. Hakukuwa na treni. Hakukuwa na ndama wala mtoto anayetaka kutembea. Kulikuwa na usiningoje, nimepata mwingine, na sahihi.

Macho ya babu yake hayakuwa kwenye karatasi kabisa. Yalikuwa yamefumbwa.

Yale yalikuwa maneno ya Ngassa, aliyoyatamka kibandani usiku wa mwisho na hayakuwahi kutiwa posta? Au mzee alikuwa anamtungia bibi barua ya pili kwa mdomo, kama alivyomtungia ya kwanza kwa kalamu? Mtu mmoja tu duniani alikuwa anajua, na mtu huyo Rebeka hawezi tena kumwamini hata akimsalimia.

Angeweza kusema. Neno moja lingetosha. Kidole chake gumba kilikuwa juu ya neno usiningoje, nacho kilikuwa kimelifunika.

"Endelea," Bibi Scolastica alisema, akijipangusa macho. "Hiyo sehemu katekista hakunisomea."